"Utafiti Umeonyesha": Mashahidi Wako Wapi?

Imo sentensi moja ambayo siku hizi imezagaa katika semina za walimu, katika hotuba za wakuu wa elimu na katika makabrasha ya wauzaji wa vifaa vya shule. Nayo ni hii: "Utafiti umeonyesha." Utafiti umeonyesha kuwa mtoto anayejifunza kuandika programu za kompyuta hupata akili ya kupanga mambo. Utafiti umeonyesha kuwa wako waliozaliwa na kipawa cha kompyuta na wako wasiokuwa nacho. Utafiti umeonyesha kuwa mbinu fulani hupunguza idadi ya wanaoanguka mtihani. Wasikilizaji huinamisha vichwa, huandika katika madaftari yao, na mjadala huwa umekwisha.

Sisi walimu wa lugha twapaswa kuwa watu wa kwanza kuitilia shaka sentensi hiyo, kwa kuwa kasoro yake ni ya lugha kabla haijawa ya sayansi. Kitenzi "kuonyesha" chahitaji mwenye kuonyesha, kitu kinachoonyeshwa na mtu anayeonyeshwa. Hapa mtenda amefanywa kuwa "utafiti", kitu kisichokuwa na macho wala mikono. Mtafiti ametoweka, wanafunzi wametoweka, mwalimu aliyewafundisha ametoweka, na lugha waliyofundishiwa imetoweka. Lau mwanafunzi wa kidato cha pili angetuletea masimulizi yasiyokuwa na wahusika, mahali wala wakati, tungemrudishia daftari lake likiwa limejaa wino mwekundu. Iweje basi tuyapokee masimulizi ya namna hiyo yakitoka kwa msomi?

Hoja yetu twaitamka wazi tangu mwanzo. Taarifa ya utafiti isiyoeleza ni kina nani waliofundishwa, kwa lugha gani, na mwalimu gani, wakilinganishwa na nani, ni tetesi hata ikiwa imepigwa chapa katika jarida lenye jina kubwa. Tetesi ina haki ya kusikilizwa, lakini haina haki ya kuamrisha darasa la mtu.

Msomaji aweza kuuliza: mambo ya kompyuta yatuhusu nini sisi tunaoshughulika na ngeli na methali? Yatuhusu sana. Mwaka 2016 Baraza la Seneti la jimbo la Florida, huko Marekani, lilipitisha mswada wa kumruhusu mwanafunzi wa sekondari ahesabiwe masomo ya kuandika programu mahali pa masomo ya lugha ya kigeni. Mswada ule haukupata kuwa sheria, lakini wazo lenyewe halikuzikwa pamoja nao. Nchini Kenya, mwaka 2022, taasisi ya serikali inayosimamia mitaala iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu kwa ajili ya shule. Nchini Uganda, mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Vipindi vya juma havikuongezeka. Somo linaloingia humsogeza mwenzake aliyekuwamo. Hatuipingi kompyuta, wala hatusemi watoto wetu wasiijue. Twasema kwamba wagawaji wa vipindi wanapoutaja utafiti, basi utafiti huo uwe umeandikwa kwa namna inayoweza kuhojiwa.

Natutazame kisa cha ngamia. Mwaka 2006 Saeed Dehnadi na Richard Bornat, wa Chuo Kikuu cha Middlesex huko London, waliisambaza rasimu iliyopewa jina la ngamia mwenye nundu mbili. Nundu moja ni ya wanafunzi wawezao kuandika programu, na ya pili ni ya wasioweza. Walidai kuwa wamepata jaribio fupi la kuwatenganisha watu hao kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Wanafunzi ambao hawajafundishwa lolote waliulizwa maswali ya namna hii: a ni 10, b ni 20, kisha imeandikwa a = b; je, sasa a ni ngapi na b ni ngapi? Kilichopimwa hasa ni kama mwanafunzi anaishika kanuni moja tangu swali la kwanza hadi la mwisho, iwe kanuni hiyo ni sahihi au siyo.

Rasimu ile haikuchapishwa katika jarida, lakini ilisafiri mbali kuliko makala nyingi zilizochapishwa. Iliwafurahisha walimu wengi kwa sababu iliwaondolea lawama: ikiwa mwanafunzi hakuzaliwa na kipawa, mwalimu ana kosa gani? Mwaka 2007 Caspersen, Larsen na Bennedsen walilirudia jaribio hilo nchini Denmark, wasiuone uhusiano uliodaiwa. Mwaka 2008 waandishi wenyewe walianza kulipunguza dai lao, na mwaka 2014 Bornat alitoa andiko la kuifuta rasimu, akasema waziwazi kwamba hakuna jaribio la kupima kipawa cha programu lililotokana na kazi ile. Twamheshimu kwa kulifuta neno lake hadharani. Lakini miaka minane ilikuwa imekwisha kupita, na hatujui ni vijana wangapi walioambiwa na walimu wao kwamba wako katika nundu isiyofaa.

Hata nundu zenyewe zilitiliwa shaka. Mwaka 2016 Elizabeth Patitsas na wenzake walichapisha uchunguzi wa alama za mwisho za madarasa 778 ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada. Ni asilimia 5.8 tu ya madarasa hayo ambayo alama zake zilionyesha dalili ya kugawanyika makundi mawili. Katika sehemu ya pili ya kazi hiyo, walimu wa kompyuta walionyeshwa michoro ya alama yenye utata. Wale walioamini zaidi kuwa wako wanafunzi waliozaliwa na kipawa ndio walioelekea zaidi kuziona nundu. Msomaji atambue kuwa hapa twaweza kutaja ni alama za madarasa mangapi, za chuo gani, na zilipimwaje. Anayetaka kupinga ana mahali pa kushika. Huo ndio ushahidi tunaoutaka.

Kisa cha pili ni cha zamani zaidi. Mwaka 1980 Seymour Papert alitoa kitabu chake "Mindstorms", akieleza jinsi mtoto anavyoweza kujenga fikra zake kwa kuandika programu katika lugha ya Logo. Kitabu kilipendwa, na shule nyingi zikaichukua Logo. Mnamo mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland, wa Bank Street College huko New York, walieleza kuwa watoto waliotumia Logo kwa mwaka mmoja hawakuwazidi wenzao wasioitumia katika kazi ya kupanga mambo. Papert alijibu mwaka 1987 kwa ukali. Alisema kuwa wakosoaji wake waliifanya Logo kama dawa inayomezwa, wakasahau kwamba matokeo hutegemea utamaduni wa darasa ambamo chombo kinatumiwa.

Wengine hulileta jibu hilo la Papert kana kwamba ni hoja ya kuuepuka ushahidi. Sisi twaliona kinyume chake. Ikiwa kila kitu chategemea utamaduni wa darasa, basi mwandishi analazimika kulieleza darasa hilo kwa ukamilifu zaidi: mwalimu alikuwa nani, alisema nini, watoto walikaa wangapi kwenye kompyuta moja, walizungumza lugha gani wakati wa kusaidiana. Papert na wakosoaji wake walipinga katika mengi, lakini wote wawili wanamdai mwandishi deni lile lile.

Je, deni hilo hulipwa? Wako waliohesabu. Mwaka 2004 David Valentine alizipitia makala 444 kuhusu masomo ya mwanzo ya kompyuta, zilizotolewa kwa miaka ishirini katika mkutano mkuu wa walimu wa kompyuta wa Marekani. Ni karibu moja katika kila tano iliyojaribu kupima jambo kwa njia ya kisayansi. Fungu kubwa kuliko yote, zaidi ya robo ya makala, alilipa jina la Marco Polo, yule msafiri wa Venice: nilikwenda, nikaona, nikarudi kusimulia. Mwaka 2008 Justus Randolph na wenzake walichapisha uchunguzi wa makala 352 za miaka ya 2000 hadi 2005. Miongoni mwa zile zilizohusu watu, karibu asilimia 40 hazikuwa na ushahidi wowote isipokuwa masimulizi. Na katika zile zilizofanya majaribio, nyingi zilipima kundi moja tu, tena mara moja tu, mwisho wa masomo. Asiyejua mwanafunzi alianzia wapi atajuaje amesogea kiasi gani?

Wakati umepita na hali imebadilika, lakini kwa upande mmoja tu. Mwaka 2021 Sarah Heckman, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, pamoja na wenzake, walitoa mapitio ya makala 427 zilizochapishwa mwaka 2014 na 2015 katika majarida na mikutano mitano ya fani hii. Zaidi ya asilimia 80 zilikuwa na upimaji wa namna fulani. Hayo ni maendeleo, na haki ni kuyasifu. Hata hivyo walikuta makala nyingi zikipungukiwa na mambo ambayo bila hayo upimaji hausomeki: maswali ya utafiti hayakutajwa sawasawa, washiriki hawakuelezwa, mpango wa utafiti na njia ya kukusanya habari havikufafanuliwa, wala mwandishi hakusema ni mambo gani yangeweza kuyapotosha matokeo yake. Kwa maneno mengine, watu wamejifunza kupima lakini bado hawajajifunza kusimulia walivyopima.

Na hapa ndipo kazi ya taarifa inapoonekana. Qiang Hao na wenzake walizipitia makala 2,269 za miaka ya 2009 hadi 2018. Zilizokuwa za kurudia utafiti wa mwingine zilikuwa 54 tu, yaani kama mbili na ushei katika kila mia. Sababu za upungufu huo ni nyingi, lakini mojawapo haihitaji mwanazuoni kuigundua: huwezi kurudia safari ambayo msafiri hakukueleza njia aliyopita.

Hatusemi kuwa fani nzima imeoza. Mwaka 2001 kundi lililoongozwa na Michael McCracken lilitoa taarifa ya wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne, waliopewa kazi ya kuandika programu baada ya masomo ya mwanzo. Wastani wao ulikuwa 22.89 katika alama 110. Ilikuwa aibu, nao waliiandika aibu hiyo bila kuipaka rangi, pamoja na kazi iliyotolewa na jinsi ilivyosahihishwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2004 kundi la Raymond Lister liliweza kuuliza swali linalofuata: je, wanafunzi hawa hawawezi kuandika kwa kuwa hata kuisoma programu iliyokwisha andikwa hawawezi? Mwaka 2013 watafiti wengine walirudi tena kwenye kazi ile ya kwanza. Taarifa njema huzaa maswali ya wengine hata pale matokeo yake yanapochukiza.

Sasa tulitaje jambo linalotugusa sisi hasa. Katika taarifa za fani hii, mwanafunzi aghalabu huitwa "mwanafunzi" basi. Haielezwi alizaliwa katika lugha gani, wala anafundishwa kwa lugha gani, wala anamuuliza jirani yake kwa lugha gani. Huenda huko ziliko taarifa hizo jambo hilo laonekana dogo. Kwetu ndilo jambo lenyewe. Mtoto wa Bujumbura huzungumza Kirundi nyumbani, Kiswahili mtaani na Kifaransa shuleni. Akiketi mbele ya kompyuta hukutana na amri zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kigali aliona lugha ya kufundishia ikigeuzwa kuwa Kiingereza kwa uamuzi wa mwaka 2008. Mtoto wa Lubumbashi ana safari yake nyingine. Akishindwa, ameshindwa na nini? Na programu, au na neno la kigeni lililosimama mlangoni?

Dalili zipo kwamba swali hili si la bure. Mwaka 2017 Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill walichunguza watoto wanaotumia Scratch. Waliotumia maneno ya programu yaliyotafsiriwa katika lugha ya nchi yao walionyesha kutumia dhana mpya upesi zaidi kuliko wenzao wa nchi hizo hizo waliotumia Kiingereza. Mwaka 2018 Philip Guo alichapisha majibu ya watu 840 wa nchi 86, wenye lugha za kwanza 74, wakieleza vizuizi wanavyovikuta wasiokuwa wazawa wa Kiingereza. Twafurahishwa na kazi hizo, lakini furaha isitufumbe macho, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Watoto wa Scratch walijichagulia lugha wenyewe. Hawakugawanywa kwa kura, na huenda waliochagua lugha yao walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine pia. Basi tukisimama kesho mbele ya wizara na kunena "utafiti umeonyesha kuwa Kiswahili hufaa", bila kueleza hayo, tutakuwa tumeiiba sentensi ile ile tunayoilaani leo.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni kuwa kurasa ni chache. Mikutano hiyo humpa mwandishi nafasi ndogo. Hilo ni kweli, lakini maelezo tunayoyadai hayahitaji kurasa. Mwandishi aweza kusema kwa sentensi mbili kwamba alifundisha yeye mwenyewe, wanafunzi kadhaa wa mwaka wa kwanza, kwa lugha fulani, wengi wao wakiwa hawajapata kugusa kompyuta, na kwamba aliwalinganisha na darasa la mwaka uliotangulia. Mtu anayepata nafasi ya kuusifu uvumbuzi wake kwa aya tatu hakosi nafasi ya sentensi mbili.

Jibu la pili ni kuwa fani ni changa, isilaumiwe. Mkutano ule mkuu wa walimu wa kompyuta wa Marekani ulianza mwaka 1970. Mtu wa umri huo kwetu huitwa mzee, naye hutarajiwa kunena kwa utaratibu. Madaktari nao walikuwa na ugonjwa huu. Mwaka 1996 waliandika orodha iitwayo CONSORT, inayotaja mambo ambayo kila taarifa ya jaribio la tiba lazima iyaeleze. Orodha haikuwafanya malaika, lakini ilimpa msomaji kipimo cha kuuliza kilichofichwa.

Jibu la tatu ndilo lenye uzito. Husemwa kuwa mwalimu mzoefu anajua yafaayo darasani hata bila takwimu, na kwamba ukali huu utawanyamazisha walimu wa kawaida wasiandike kabisa. La hasha, hatutaki wanyamaze. Masimulizi ya mwalimu ni mali. Sisi wenyewe twaishi kwa masimulizi hayo katika kurasa hizi. Tunachodai ni kwamba yaitwe kwa jina lake. Mwalimu aseme, "Nilijaribu hivi, darasa langu likawa hivi." Neno hilo ni la kweli na lina faida. Linapovikwa joho na kuitwa "utafiti umeonyesha", ndipo linapokuwa ulaghai, hata kama mwenye kulisema hakukusudia kulaghai.

Basi tufanye nini? Chama chetu si chama cha wanasayansi, lakini kina madaraka juu ya jambo moja: lugha inayotumika kudai. Kwanza, katika mikutano yetu, yeyote atakayeutaja utafiti wa kompyuta, au wa somo jingine lolote, aulizwe maswali matano bila kuonewa haya wala kudharauliwa. Ni kina nani waliofundishwa, na wangapi? Walifundishwa kwa lugha gani? Aliyefundisha ndiye aliyepima? Walilinganishwa na nani? Na mwandishi mwenyewe alisema hakujua nini? Asiyekuwa na majibu asinyimwe kusema, ila aseme "nimesikia".

Pili, taarifa yetu hii isichapishe makala inayodai matokeo bila kuyajibu hayo matano, hata ikiwa imeletwa na rafiki, na hata ikiwa inakisifu Kiswahili. Tatu, walimu wenzetu wa kompyuta wakitaka kuandika kuhusu madarasa yao, tuketi nao. Sisi ndio tunaofundisha uandishi wa ripoti na wa kumbukumbu za mikutano. Twajua kwamba kumbukumbu isiyotaja waliohudhuria na wasiohudhuria haipokelewi. Wao wana madarasa yenye watoto wa lugha tatu na nne, madarasa ambayo wenye majarida makubwa hawayaoni mara kwa mara. Wakiyaeleza sawasawa, kwa Kiswahili safi au kwa lugha nyingine yoyote, wataujaza mwanya ambao takwimu za mbali haziwezi kuuziba.

Na mwaka ujao, kamati za mitaala zitakapokaa kugawa vipindi, mtu atasimama na kuanza, "Utafiti umeonyesha." Pawe na mwalimu wa Kiswahili katika chumba hicho, ainue mkono, aulize kwa adabu: umemwonyesha nani, na kwa wanafunzi gani?